Makumbusho, Arboretum au Karura? Kuwatembeza watoto likizo ya Agosti bila kuvunja kibubu

Kwa raia, bei za langoni hazitofautiani sana. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, pale Museum Hill, kwa miaka mingi yametoza mtu mzima shilingi 200 na mtoto 100. Arboretum, ile bustani ya miti, na msitu wa Karura kwa kawaida ziko chini ya hapo. Tofauti kubwa iko kwenye nauli, chakula, na muda ambao mtoto wako anaweza kustahimili kabla hajaanza kulia anataka nyumbani.

Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu wa miaka 3, 7 na 11, wanaokaa Kayole. Mdogo anapakatwa, kwa hiyo wanalipia viti vinne. Matatu ya kuingia tao, nyingine ya kuwafikisha wanakokwenda, na kurudi vivyo hivyo: hizo ni nauli 16. Tukikadiria kila nauli kwa shilingi 70, ni 1,120. Viingilio vya makumbusho kwa watu hao hao havizidi 700. Yaani nauli imeshaipiku tikiti kabla hamjanunua hata maji.

Hapo ndipo makumbusho yanapoanza kupata alama. Kutoka stegi ya Odeon, tao, unaweza kufika kwa miguu, ukifuata Kipande Road, dakika 20 hivi kwa mwendo wa mtoto. Nauli nane zinaondoka na shilingi 560 zinabaki mfukoni, karibu zitoshe viingilio vya watu wote. Arboretum nayo inafikika kwa miguu na watoto wakubwa, lakini kwa wadogo panda matatu ya Kileleshwa inayopita upande huo na umwambie kondakta mapema akushushe Arboretum. Karura ndiyo inayodai matatu ya pili bila mjadala: za Ruaka na Banana, namba 106 na 107, hupita lango la Limuru Road, na za Kiambu, namba 100, hupita lango la Kiambu Road.

Popote mtakapochagua, pangeni kuondoka kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo wafanyakazi wanaanza kurudi nyumbani, nauli inapanda, na mvua ikidondoka inapanda tena. Familia iliyokaa kidogo zaidi ili watoto wafurahie inaweza kulipa karibu maradufu kurudi, halafu ikasimama kwenye foleni na mtoto aliyelala begani.

Kwanza angalia anga

Agosti ya Nairobi ni baridi. Asubuhi mawingu yametanda, wakati mwingine manyunyu, na jua likijitokeza basi ni karibu na saa sita. Kwa sababu hiyo saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukifika Arboretum saa tatu asubuhi mwezi wa nane, nyasi zimelowa umande, leso yako inalowa ndani ya dakika tano, na mtoto wa miaka mitatu anayekalia nyasi mbichi anaanza kupiga chafya kabla chapati haijafunguliwa. Makumbusho yana paa, na yanafunguliwa saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni. Kwa hiyo siku ya mawingu, asubuhi ni ya makumbusho, na bustani ni ya kuanzia saa tano.

Likizo ya Desemba mambo yanageuka. Jua lipo tangu asubuhi, ila mvua za vuli huenda hazijaisha, na njia za Karura zinageuka tope jekundu. Hapo viatu vya kanisani vibaki nyumbani, watoto wavae gambuti.

Makumbusho: yana nini, na kwa nani

Mtoto wa miaka 7 hadi 12 ndiye anayefaidi zaidi hapa. Tunasema hivyo bila kusita. Ameanza kusoma maelezo mwenyewe, anauliza maswali, na bado hajafika umri wa kuona aibu kushangaa.

Anzeni uani, kwa sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit. Ina ukubwa wake halisi. Ahmed alikuwa na pembe ndefu kiasi kwamba Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe dhidi ya wawindaji, na akalindwa mpaka alipokufa mwaka 1974. Msimamishe mtoto chini ya pembe hizo mwambie anyooshe mkono juu, kisha aangalie umbali uliobaki. Mifupa ya Ahmed iko ndani ya jengo. Mtoto aliyeanza na sanamu anaielewa mifupa hiyo mara moja: anatafuta mwenyewe pembe zilipochomoza kwenye fuvu. Ukianza na mifupa, kwake ni mifupa tu.

Kisha nendeni kwenye ukumbi wa asili ya binadamu. Hapo kuna mabaki ya yule mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Ana umri wa takriban miaka milioni 1.5. Alikufa akiwa bado mtoto, na tayari alikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu na zaidi. Usimsomee mtoto kibao chote. Mwambie atazame meno, kisha mapaja, halafu akuambie mwenyewe huyu alikuwa anatembea wima au la. Wengi hupata jibu kabla yako. Na mwambie pia kwamba aliyeuona mfupa wa kwanza alikuwa Mkenya, kwa sababu jina linaloachwa nje mara nyingi ni la Kamoya.

Ukumbi wa ndege ndio wazazi wengi wanaoupita haraka, na ni makosa. Kuna mamia ya ndege waliokaushwa, wamepangwa kwenye vioo, na mtoto akiachwa aangalie wote hamkumbuki yeyote. Mpe kazi: atafute watano anaowaona mtaani. Kunguru, mwewe anayenyakua nyama soko la Burma, marabou wale wakubwa wanaokaa juu ya miti karibu na Nyayo Stadium, kwarara anayepiga kelele alfajiri, na njiwa. Akiwapata, aandike. Daftari hilo litatumika tena mkienda msituni, na hapo ndipo pesa ya makumbusho inapozaa.

Muda wa kutosha ni saa mbili hadi mbili na nusu. Zaidi ya hapo hata mtoto mwenye hamu huanza kukimbia ukumbini, na askari wataanza kumfuata. Mara nyingi kinachoharibu siku ni kutaka kumaliza kumbi zote kwa sababu umelipa. Chagua tatu tu, zilizobaki ni za mwaka ujao.

Bustani ya nyoka, ambayo kila mtu anaiita Snake Park, iko kwenye uwanja huo huo tangu mwaka 1961. Ina tikiti yake, lakini kuna tikiti ya pamoja na makumbusho. Amueni kabla hamjalipa, maana kulipia kimoja kimoja kunakuwa ghali zaidi. Je, inafaa? Inategemea saa. Nyoka na mamba hawatengenezi joto la mwili wenyewe, wanalipata kutoka nje. Asubuhi ya baridi wanalala kama mti uliokatwa, na mtoto anatoka akisema hakuona kitu. Iache iwe ya mwisho, jua likishatoka. Mwonyeshe kifutu kwa makini. Rangi zake ni zile zile za majani makavu, na kumtafuta kichwa chake ndani ya kizimba ni somo ambalo mtoto anayekwenda ushago Desemba anahitaji kuliko mengine yote: huyu ndiye nyoka asiyekimbia ukimkaribia, kwa hiyo ndiye anayekanyagwa.

Kwa mtoto chini ya miaka minne, makumbusho ni kazi ya mzazi zaidi kuliko furaha ya mtoto. Atabebwa nusu ya safari. Baadhi ya kumbi zina mwanga hafifu, na wanyama waliokaushwa huwatisha wengine. Ikiwa ndiye mtoto wenu pekee, soma sehemu inayofuata.

Arboretum: kwa wadogo na kwa shosho

Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu ni miti gani ya kigeni ingeweza kustawi hapa, kwa ajili ya mbao na kuni za reli. Leo ni hekta 30 hivi zenye aina zaidi ya 350 za miti, mingi ikiwa na kibao cha jina. Udogo wake ndio ubora wake. Mtoto akichoka, lango haliko mbali. Mtu mzima mwenye magoti mabovu anatembea kwenye njia zake taratibu, anapumzika, anaendelea. Hakuna mlima wa kukuadhibu.

Shida yake kubwa ni nyani wadogo, tumbili na kima. Wamezoea watu, na wanajua sauti ya mfuko ukifunguliwa. Mtoto aliyeshika ndizi mkononi amesimama peke yake atanyang'anywa, na kinachomuumiza mara nyingi ni kucha, kwa sababu hataki kuachia. Mfundisheni kabla ya kuingia: akija nyani, achia chakula, usicheke ukionyesha meno, rudi nyuma taratibu. Chakula kikae ndani ya mkebe wenye kifuniko, ndani ya begi lililofungwa zipu, na begi lishikwe na mtu mzima. Akikwaruzwa au kung'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Usimlishe hata mmoja. Kila familia inayowatupia mkate inawafundisha kumrukia mtoto wa familia inayofuata.

Jambo la pili ni siafu, hasa baada ya mvua. Kabla ya kutandika leso, mtu mmoja azunguke mahali hapo mita tano kila upande akiangalia chini. Ukiona mstari mweusi unaotembea, hama kabisa. Kusogea hatua mbili hakusaidii, maana wanatapakaa.

Jumamosi na Jumapili hujaa vikundi vya makanisa, vyama na picha za harusi. Kama mna nafasi, Jumanne au Jumatano ya likizo ni tulivu kiasi cha kusikia ndege, na daftari la wale ndege watano linaanza kufanya kazi.

Karura: kwa miguu mirefu

Karura ni hekta 1,041. Weka namba hiyo kando ya ile 30 ya Arboretum, utaelewa kwa nini familia nyingi huingia na shangwe na kutoka zikigombana. Maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau ndivyo kila mtu anataka kuona, na haviko karibu na lango. Ukiwa na mtoto wa miaka sita, tenga saa mbili na nusu hadi tatu za kwenda, kupumzika na kurudi. Wa miaka minne atabebwa mgongoni wakati wa kurudi, na wakati huo ni mzito kuliko alivyokuwa asubuhi.

Kinachofanya watu wapotee ni kuacha kuangalia namba. Makutano ya njia yana nguzo zenye namba. Langoni piga picha ramani kwa simu, na kila mkifika makutano mpe mtoto kazi ya kusoma namba na kuionyesha kwenye ramani. Mtoto wa miaka 10 anaifanya kazi hii vizuri kuliko baba anayesema anaijua njia.

Chagueni lango kulingana na mnachotaka. Maporomoko na mapango viko kwenye eneo kubwa kati ya Limuru Road na Kiambu Road. Upande wa Sigiria uko ng'ambo ya pili ya Limuru Road: ni mtulivu, unafaa kwa matembezi mepesi, lakini hauna maporomoko. Kila likizo kuna familia inayoingia kwa Sigiria ikiuliza maporomoko yako wapi.

Maji yale si ya kuogelea wala ya kunywa. Yamepita kwenye makazi ya watu kabla ya kufika hapo. Ngazi za kushuka huteleza kukiwa na unyevu, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono, na mzazi atangulie chini.

Vijana wa miaka 12 na kuendelea, wale ambao makumbusho wameshayaona na shule mara mbili, hapa ndipo mahali pao. Kuna baiskeli za kukodi, kuna mbega kwenye miti mirefu, na kuna historia ambayo kijana anaiheshimu: mwezi Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miti kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Miaka mitano baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kumwambia kijana habari hiyo akiwa amesimama chini ya miti yenyewe kunamgusa kuliko aya yoyote ya kitabu cha shule.

Malipo na begi

Taasisi za serikali kwa kawaida hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo usitegemee noti mkononi. Lipa jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa familia nzima kwa mara moja, maana kila muamala unaweza kuongezewa ada. Hapo ndipo utakapoona pia bei ya sasa. Hifadhi risiti kwenye simu, si kwa kutegemea mtandao langoni, na simu iwe na chaji. Mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu bei ya raia hutolewa kwa anayeonyesha kuwa ni raia. Usimtumie pesa mtu yeyote langoni kwenye namba yake binafsi, hata akikuambia mtandao uko chini.

Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Ile chupa ya maji ya dukani itabaki langoni, pamoja na sahani na vijiko vya plastiki. Bebeni maji kwenye chupa za shule za watoto na sahani za nyumbani. Kwa watu watano, lita nne zinatosha siku ya baridi. Kwa Karura fanya tano.

Chakula kinachofanya kazi ni kile kisichomwagika wala kuhitaji kupashwa: chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, viazi, njugu, ndizi za kuliwa mahali pasipo nyani, na chai ndani ya themosi. Chapati mbili kwa mtu mzima, moja na nusu kwa mtoto, mayai saba. Mchuzi uache nyumbani. Ndani ya kumbi za makumbusho hakuna kula, kwa hiyo wapeni watoto kitu kabla ya kuingia, si baada ya mtoto kuanza kununa mbele ya Ahmed.

Ongezeni karatasi ya choo, sabuni ndogo, sweta moja ya ziada kwa kila mtoto, na marvini kwa mdogo. Vyoo makumbusho si tatizo. Karura viko malangoni na sehemu za mapumziko, na katikati ya njia hakuna; kila mtoto aende kabla ya kuanza kutembea, hata anayesema hana haja.

Sasa chagua

Watoto wote wako chini ya miaka mitano, au mnaandamana na shosho: Arboretum, siku ya katikati ya wiki, kuanzia saa tano. Wako kati ya 7 na 12: makumbusho asubuhi, chakula kwenye uwanja, Snake Park jua likitoka. Ni vijana: Karura, lango la Limuru Road, mkiingia kabla ya saa nne.

Ile familia ya Kayole yenye miaka 3, 7 na 11 ndiyo ngumu, na ndiyo iliyo ya kawaida. Kwao tungechagua makumbusho na kuigawa siku: mzazi mmoja aingie na wakubwa kwenye kumbi tatu, mwingine abaki na mdogo uani, chini ya Ahmed, akimbie anavyotaka. Baada ya saa moja wabadilishane. Karura isubiri yule wa miaka 3 afike sita.

Na kama mtoto wako anapenda magari moshi kuliko ndovu, orodha hii yote haimhusu. Mpeleke Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya tao, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Injini za mvuke ziko uani, anaweza kupanda. Lipo pia behewa ambamo simba alimvuta ofisa wa polisi, Charles Ryall, usiku mmoja mwaka 1900 pale stesheni ya Kima. Pako karibu na stegi nyingi za katikati ya jiji, kwa hiyo nauli ya pili haipo kabisa. Kwa mfuko uliobana sana, City Park ya Parklands ina kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na la mpigania uhuru Pio Gama Pinto, miti mikubwa, na nyani wale wale wa Arboretum. Kanuni ya mkebe wenye kifuniko inatumika huko pia.